Shangazi, hema ni la watu sita lakini mimi nalala nje

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, kwetu Muheza, naishi Tanga mjini na kazi yangu ni bandarini. Nina mke na watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 na mdogo 5. Mke wangu ni soprano kwenye kwaya ya kanisani kwetu. Mimi siimbi. Mwalimu wa kwaya alinijaribu siku moja, akanisikiliza kwa upole, kisha akaniomba nisaidie kubeba spika. Ndiyo kazi yangu hadi leo.

Kila mwaka mwishoni mwa Septemba kwaya kadhaa hukutana ufukweni, barabara ya Pangani, mbele ya magofu ya Tongoni. Si tamasha la tiketi. Mnafika Ijumaa jioni na mahema yenu, mnachanga mchele na maharage, vijana wanachimba vyoo na kuvizungushia turubai, jenereta inawekwa mbali ili isigombane na besi. Jumamosi ni kuimba kutwa, na usiku mpaka saa tano, maana ndivyo viongozi walivyopatana na mwenyekiti wa kijiji. Jumapili ni ibada, halafu kila mtu kwao. Kuna mengine huko siyapendi, hasa hizi kwaya changa zinazopanda jukwaani na flashi, zinampa fundi mitambo awawekee wimbo halafu zinachezesha midomo. Lakini Jumapili, jua halijatoka, kuna kwaya ya wazee. Wanasimama mchangani pekupeku, hakuna kinanda, hakuna ngoma. Mzee mmoja anatoa do-mi-so-do kwa mdomo, wenzake wanaipokea, kila sauti mahali pake. Kwa zile dakika 20 niko tayari kubeba spika mwaka mzima.

Sasa tatizo langu. Mwaka jana mke wangu alimwalika mama yake, mjane, anakaa Korogwe. Sikuwa na neno. Mama huyu ni mtu mwema sana, ndiye aliyekaa nasi miezi mitatu mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Nilidhani atalala na akina mama wenzake. Ijumaa usiku naingia hemani namkuta mama mkwe amelala mlangoni, watoto katikati, mke wangu upande wa pili, na kwangu kumeachwa nafasi ya mkeka kati ya ukuta na mke. Yaani ili nifike kwangu nimruke mama mkwe. Shangazi, mimi nimekulia kwa watu ambao mkwe akipita njiani unampisha hadi kwenye majani. Chakula hatuli sahani moja. Sasa nilale naye chini ya kitambaa kimoja, tusikilizane pumzi?

Nikafunga zipu. Ile zipu usiku inasikika mpaka jukwaani. Nikachukua kiti cha plastiki nikakaa nje. Mama alikuwa amelala na gauni lake na kilemba chake, khanga mbili juu, ameelekea ukuta wa hema. Kila nilipochungulia kupitia wavu kuangalia watoto nilimkuta vilevile, hajageuka hata mara moja. Yeye alilala usingizi wake raha mustarehe, mimi mbu wananila.

Jumamosi usiku hivyo hivyo. Saa kumi alfajiri nikaona maji ya bahari yamefika kwenye vigingi vya hema la watena, wale wanaume wa sauti ya tena kwenye kwaya. Nikawaamsha, tukahamisha magodoro mbiombio. Kulipokucha nikawa shujaa. Wakanipa jina, Mlinzi wa Kambi, na mke wangu akawa anawaambia watu, "Mume wangu alijitolea kulinda siku zote mbili usiku." Sikumkatalia. Wiki mbili baadaye nikapimwa, malaria, nikanywa dawa mseto.

Mwaka huu, kukwepa yasijirudie, nilimwambia mke wangu mapema kwamba lile hema letu ni dogo. Akanisikiliza. Mgao wa kikoba ulipotoka akanunua hema jipya la watu sita, akampigia mama yake simu mbele yangu, spika imefunguliwa: "Mama, mwaka huu utajinyoosha." Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Haya mwanangu. Asante." Nikajaribu kuingiza neno kimzaha kwamba kwetu mkwe halali na mkwe. Mke wangu akacheka, akasema tumeokoka, na Petro mwenyewe alikaa nyumba moja na mama mkwe wake.

Nimefikiria kumwambia nimepangiwa zamu wikendi ile. Lakini nitawakosa wazee wangu wa Jumapili, na ni uongo. Nikienda, sijui nitalala wapi. Nikisema wazi, mke ataona namfukuza mama yake. Je, nishike mila au nishike wokovu?

Mlinzi wa Kambi, Tanga.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni hadi maharage yakashika chini. Mara ya pili nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, mahali ulipomwambia mkeo kilichokutoa hemani. Sikukiona. Ulimwambia hema ni dogo, akakununulia kubwa. Ulinyamaza alipokusifu kwa ulinzi, akaendelea kukusifu. Ukamtupia mila kama mzaha, akakujibu kwa mzaha. Mwanamke huyu kila ulichompa amekipokea na kukifanyia kazi, tena kwa pesa yake ya kikoba. Tatizo ni kwamba hujampa lenyewe.

Hiyo zamu ya uongo ifute kabla haijakomaa. Tanga ni ndogo. Unafanya kazi bandarini, na sijawahi kuona kwaya ya Tanga isiyokuwa na angalau besi mmoja wa bandarini. Kabla wali wa Jumamosi haujaiva mkeo atakuwa ameshaambiwa ratiba yako ya zamu na mtu asiyekusudia ubaya wowote.

Sasa nikupeleke kwa mama. Umeniandikia mwenyewe kwamba alilala na gauni na kilemba, kauelekea ukuta, na usiku mzima hakugeuka. Wewe umeona mtu aliyelala raha mustarehe. Mimi ni mwanamke wa umri wake, nakuambia mtu aliyelala hugeuka. Hufunua mguu, hukoroma, hutafuta mto. Asiyegeuka mpaka asubuhi ni mtu aliyekaza mwili anahesabu saa. Na mwanamke wa Korogwe, mjane, mwenye mkwe na wajukuu, mila ya mkwe hafundishwi na wewe. Alilala mlangoni kwa sababu mlangoni ndiko alikoonyeshwa, au alipachagua ili akizidiwa atoke bila kumruka mtu. Alisikia zipu ile ulipotoka. Akakusikia unakohoa nje. Unadhani alifikiri nini? Kwamba amemtoa mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Na alfajiri hakuwa na la kusema, kwa sababu heshima iliyokuziba wewe mdomo ndiyo iliyomziba na yeye.

Halafu isome vizuri ile "haya" ya kwenye simu. Mama mwenye furaha hujibu papo hapo, "Ee mwanangu, Mungu akubariki, na chapati nitaleta." Anayenyamaza kwanza, akasema haya, kisha asante, huyo amekubali kwa kuwa mtoto ameshanunua.

Kwa hiyo huenda mwaka jana hema lile lilikuwa na watu wawili wasiolala, mmoja ndani na mmoja nje, na katikati yenu soprano wetu amelala fofofo. Simlaumu. Wengi wa kizazi chenu mmekulia mabwenini na kwenye nyumba za kupanga, mila za ukwe mnazisikia kwenye harusi tu, pale mshenga anapotozwa faini.

Kuhusu Petro, mkeo hakukosea. Marko sura ya 1 inasema Yesu aliingia nyumbani kwa Simoni na Andrea, na mama mkwe wa Simoni alikuwa kitandani, ana homa. Lakini ile ni nyumba, tena ya ndugu wawili, na nyumba za Kapernaumu zilijengwa kwa mawe meusi. Zilikuwa na kuta. Marko haandiki popote kwamba Petro aliruka mkeka wa mama mkwe kwenda kulala. Kama anataka mfano wa kambi, amfungulie Nehemia sura ya 8, watu waliporudi kutoka uhamishoni wakafanya sikukuu ya vibanda: kila mtu alijijengea juu ya dari ya nyumba yake na uani kwake. Kila mtu kwake. Na Wasabato, ambao kwa makambi wametuzidi wengi wetu, nimealikwa kwao mara kadhaa tangu nikiwa msichana. Nilikolala mimi akina mama walikuwa na upande wao na wanaume upande wao, na sikusikia mtu akisema wokovu umepungua. Usijiwekee mila na wokovu kama wagombea wawili wa kupigiwa kura. Kumpisha mama mkwe alale kwa amani, nionyeshe dhambi iko wapi.

Dawa unayo nyumbani tayari. Una mahema mawili. Hema jipya kubwa mpe bibi na wajukuu wake. Hema la zamani, lile ulilosema ni dogo, lala na mkeo. Wawili linawatosha, na mkiwa na miaka 36 nisiwaeleze zaidi. Wale wanaoandika "watu sita" kwenye mfuko wa hema wanapima watu waliopangwa kama dagaa, bila begi, bila ndoo. Bibi na watoto wawili na mikoba yao watalijaza vizuri. Wajukuu kulala na bibi hakuna mila inayokataza, wao ni watani, na usiku atawasimulia hadithi mpaka walale kabla ya saa tano. Wewe umepata mke wako, watoto wamepata bibi, mama amepata hema zima la kujigeuza atakavyo.

Nani aseme? Si wewe kwa mama. Wewe sema na mkeo, usiku, watoto wakiwa wamelala, na usianze na mila. Anza na kile kiti cha plastiki. Mwambie, "Mke wangu, mwaka jana sikuwa nalinda." Atacheka au atanuna, vyote vinapita. Mweleze jinsi alivyolala mama, mwambie na hili nililokuambia mimi kwamba huenda hakupata usingizi. Kisha umwachie yeye ampigie mama, bila wewe, bila spika. Mama na binti wana namna yao ya kuulizana. Atamwambia hema jipya limenunuliwa kwa ajili yake na wajukuu, na ninyi mtakuwa jirani. Sikiliza safari hii "haya" itatoka na kasi gani.

Kama mkeo atakataa kabisa, au mama kwa sababu zake akataka kulala na binti yake (wajane wengine usiku huwatisha, na mahali pageni zaidi), basi wao wanawake na watoto hema kubwa, wewe nenda hema la watena. Watu uliowaokoa na maji hawawezi kukunyima kona. Kulala nje sikupi ruhusa. Mbu wa malaria kazi yake ni usiku, na hema lenye wavu mzima, zipu imefungwa, ni chandarua chako. Aliye kwenye kiti nje ni chakula.

Yako mambo ya kufunga hema, ambayo wanaume wa bandarini mnajifanya mnayajua. Mahema mawili yasitazamane milango. Acha hatua kama 20 katikati, karibu kiasi cha bibi kuita usiku mtoto akiugua, mbali kiasi cha kutosikilizana pumzi. La bibi liwe upande wa vyoo vya akina mama, asitembee gizani kuvuka kamba za watu. Zile kamba ndizo zinazoangusha wazee kambini kuliko kitu chochote. Funga vitambaa vyeupe juu yake. Mkiingia usiku kubadili nguo, zimeni taa ya ndani. Hema lenye taa ni pazia la sinema, nje wanaona kila mkono unakoingia. Mimi nimeona mchungaji mmoja akivaa suruali mbele ya kwaya nzima naye hana habari.

Chini ya mnazi usifunge, hata kivuli kiwe kitamu namna gani. Nazi haichagui kati ya aliyeokoka na asiyeokoka. Tafuteni mivinje. Vigingi vya kawaida mchangani havishiki. Jaza mchanga kwenye mfuko wa sandarusi, funga kamba katikati, ufukie mpaka kwenye kiwiko. Na kama unatumia kamba ya katani, mtu wa Muheza uliyezaliwa kwenye mkonge sikufundishi, ila wakumbushe hao vijana wa nailoni kwamba katani ikilowa hujivuta. Iachie kidogo kabla ya umande wa usiku, asubuhi utaikuta imekaza yenyewe.

Maji nayo. Yale yaliyowafikia watena yalikuwa ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita siku nyingine, na wala hayakuja kwa bahati mbaya. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata, na pwani yetu hii hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri. Saa kumi ya alasiri watu wanaimba, hakuna anayeangalia bahari. Saa kumi ya alfajiri wamezima. Kabla ya safari angalia kalenda ya mwezi. Mkifika, tembea ufukweni utafute ule mstari wa mwani mkavu na vifuu vya nazi, ndipo maji yalipoishia mara ya mwisho yalipopanda sana. Panda juu yake hatua kadhaa tena, maana mwezi ukiwa unakaribia kuandama au kupevuka, kesho yatapita ya leo, na kila siku yatachelewa karibu dakika 50. Wavuvi wa pale kijijini wanajua yote haya bila kalenda. Waulizeni, na mkishauliza mnunue samaki wao, msije na maharage ya mjini siku tatu kana kwamba bahari haiwahusu.

Suala la kwaya za flashi umenigusa pabaya, nisianze, nitamaliza ukurasa. Nitasema tu kwamba wewe ndiye unayebeba spika, na spika ina waya.

Jumapili alfajiri wale wazee wako wakijipanga mchangani, kile kiti cha plastiki mtume mtoto mkubwa ampelekee bibi yake akikalie. Wewe simama huko nyuma kwenye mivinje na wabeba spika wenzako, utasikia vizuri tu.